Muvi za Asia kwa Sauti ya Zaka

Mmeniomba niwaandikie, ninyi mnaobaki idarani, habari za miaka yangu ya kufundisha na kuchunguza filamu za Asia. Nadhani mlitaka karatasi mbili za kuweka kwenye faili. Nitaandika zaidi ya hapo kwa sababu siku hizi nina nafasi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyangu havikuwa na visa vya kusimulia, na vya kwenu mnavijua kuliko mimi.

Siku ya usaili walikaa mezani watu watano na chupa tano za maji. Mkuu wa idara wa wakati ule, ambaye sote tulimwita Prof mpaka jina lake halisi likapotea, alisoma ombi langu, akavua miwani, akaniuliza, "Filamu za Asia zinahusiana nini na Dodoma?"

Nilikuwa nimekariri majibu ya vitabuni, kurasa nzima. Yakatoweka yote. Nikamwuliza kama nyumbani kwake hawaangalii tamthilia ya Kikorea.

Prof akairudisha miwani usoni. Mjumbe mmoja wa kike, aliyekuwa pembeni akichorachora, akasema bila kuinua kichwa, "Prof, juzi si uliahirisha kikao ukasema unawahi ile ya binti na mama mkwe?"

Nikapata kazi.

Nikakabidhiwa ofisi yenye kiti cha miguu mitatu na nusu, televisheni ya kichogo, na deki iliyokuwa imemeza kanda ya mtu aliyenitangulia. Fundi alipofanikiwa kuitoa ile kanda, ikawa ni ya harusi ya Prof. Alikuwa ameitafuta miaka sita, na kwa jinsi alivyoipokea, nadhani alikuwa ameshazoea kuishi bila hiyo.

Kwetu ni Gulwe, pale treni inaposhusha watu wa Mpwapwa. Niliporudi likizo nikiwa nimeshaitwa Dokta, majirani walikuja na vidonda, presha na mtoto mwenye kikohozi. Nikawaeleza kwamba mimi ni dokta wa muvi. Mzee mmoja aliyekuwa ameshapandisha suruali anionyeshe goti aliishusha taratibu, akamgeukia mama yangu kwa huruma kubwa, akamwambia, "Basi, ndiyo watoto."

Lakini ni huko Gulwe nilikoanza kazi yenyewe, kwa sababu palikuwa na kibanda umiza. Msiokulia kwenye vibanda hivyo, ni chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni moja na joto la kuivisha mkate. Watu huingia saa nane mchana kutazama muvi za nje, na mtu mmoja hukaa pembeni na maiki akizitafsiri papo hapo. Mara ya kwanza nilikaa mbele kabisa, na daftari kubwa la kaunta mapajani na kalamu mbili. Kabla muvi haijaanza nusu ya watazamaji wakatoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakiinama. Walidhani mimi ni mtu wa kodi. Mwenye kibanda akaniomba nami nitoke. Kwa hiyo agizo langu la kwanza kwenu ni hili: daftari liache kwenye mkoba, kaa nyuma, nunua karanga, cheka wanapocheka. Kuandika utaandika baadaye. Usichokikumbuka hakikuwa na maana, au umezeeka.

Mwenye maiki alikuwa Zakaria Chidawali, aliyejulikana kama Zaka. Aliwahi kuwa mwalimu wa kwaya mpaka kwaya ikamchoka. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya mtu mnene, na aliweza kuwa watu tisa kwa wakati mmoja. Wafalme wa Kikorea aliwapa sauti ya diwani wakati wa kampeni. Askari wa Kichina walizungumza kama mgambo wanaofukuza wauza nyanya. Mama wakwe wa nchi zote za Asia, bila ubaguzi, walikuwa na lafudhi ya Kigogo, na wakiingia sebuleni walianza na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi". Mambo ya ukoo na kiti cha enzi yakimchanganya, alisema tu, "Hapo wanaongea siasa," akanywa maji.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi kuliko chuo chochote nilichosoma. Alinifundisha kusafisha diski kwa dawa ya meno, ukisugua kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Alinifundisha kwamba mtu anaweza kufuata hadithi ya nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani, akabishana juu ya urithi wa familia ya huko mpaka karanga zikaisha. Siku moja nilimwuliza anajuaje wanachosema.

"Kuna maandishi ya Kiingereza chini," alisema.

"Yasipokuwepo?"

"Yasipokuwepo natazama macho yao. Mtu anayedanganya mke, Dokta, anafanana nchi zote."

Nikaliandika hilo. Bahati mbaya nikaliamini pia.

Ndipo ikaja ile muvi iliyonipatia aibu yangu kubwa, na sitaki muisikie kwa watu. Ilitengenezwa Thailand, kijijini, karibu na mpaka wa Laos. Ilipita China, ambako mtu aliidurufu na kuiwekea maandishi ya Kichina, ikaingia Kariakoo ndani ya boksi la vifuniko vya simu, ikapanda Dodoma, ikashuka Gulwe. Jalada lilikuwa na mwanamume mwenye upanga. Ndani hapakuwa na upanga wala mwanamume. Palikuwa na mama aliyemtelekeza binti yake akiwa mdogo, na sasa amerudi kumwona akiwa mtu mzima. Binti anakataa kumfungulia. Mwishoni kamera inakaa kwenye mlango uliofungwa, kwa muda mrefu, na mama hatumwoni tena.

Kithai Zaka hakukijua, wala Kichina. Macho ya kutazama hayakuwepo, kulikuwa na mlango tu. Basi akaujaza ule muda. Alimfanya mama aombe msamaha kupitia tundu la kitasa, kwa sauti ya kukatika, akataja njaa, akataja mume mlevi, akataja usiku aliomwacha mtoto kwa jirani. Kibanda kizima kililia. Mwendesha bodaboda mmoja alitoka nje kwenda kuangalia tairi lisilokuwa na tatizo lolote.

Nami nikaandika makala. Nilimrekodi Zaka, nikanakili maneno yake yote, nikaitazama ile muvi mara kumi na moja ofisini, nikiwa nimezima sauti ili nisimsumbue mwenzangu aliyekuwa akisahihisha mitihani. Nikadai kwamba ile hotuba ya mlangoni inaonyesha namna sinema ya Thailand inavyoutazama msamaha wa mzazi. Nilitumia neno "dhahiri" mara nne. Makala ikachapishwa, na nikaalikwa kuisoma kwenye mkutano wa wasomi mjini Bangkok.

Mnaelewa jambo lilipokuwa linaelekea. Mimi sikuelewa. Nilivaa kitenge kipya.

Nilisoma kwa dakika ishirini, vizuri sana, nasema mwenyewe. Maswali yalipofunguliwa, akasimama mwanamke mfupi mwenye mvi, safu ya tatu. Akajitambulisha kwa Kiingereza kwamba anaitwa Ratana, na kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza filamu ile.

"Nashukuru kwa umakini wako," alisema. "Ila mama katika filamu yangu hasemi neno lolote mlangoni. Nilitaka kujua hotuba hiyo umeitoa wapi."

Kuna ukimya wa aina nyingi na nimezichunguza kadhaa kitaaluma. Ule wa Bangkok ningependa nisiusikie tena. Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema kuna nakala tofauti za filamu, jambo ambalo lingechukua muda kuthibitishwa, na kufikia hapo ningekuwa kwenye ndege. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini. Halafu nikamwona jinsi alivyosimama, ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili, si kama mtu aliyekuja kunishinda. Alitaka kweli kujua.

"Nimeitoa kwa Zaka," nilisema.

Ikabidi nieleze Zaka ni nani, na Gulwe, na jinsi ambavyo Dokta mzima hakujua Kithai wala Kichina na hakuuliza mtu. Watu walicheka, mwanzoni kwa aibu, kisha kwa raha. Ratana hakucheka. Baadaye alinifuata kwenye chai.

"Huyo mtu amemtia mama yangu maneno mdomoni," aliniambia. "Nataka nimwone."

Nilirudi Dodoma nikawaandikia wachapishaji waiondoe makala yangu. Prof alinisihi nisifanye hivyo. "Nani atajua?" aliniuliza. Nikamwambia kwamba watu mia moja na hamsini wanajua na mmojawao ndiye mwenye filamu. Akatikisa kichwa kama aliyefiwa. Kuna cheo kilikuwa njiani kuja kwangu wakati huo. Kilikata kona, tusikizungumzie. Kilichoniuma zaidi ni darasani. Nilisimama mbele ya wanafunzi niliokuwa nikiwakata maksi kwa kutohakiki vyanzo, nikawasimulia kosa langu mwanzo hadi mwisho. Binti mmoja akanyoosha mkono akauliza kama nitarudisha zile maksi. Nilirudisha baadhi.

Mwaka uliofuata Ratana akanipigia kwamba amealikwa kuonyesha filamu pwani, na angependa kupanda hadi kwetu. Nikaenda Gulwe kumtayarisha Zaka. Nilimkuta anakaza skrubu za spika.

"Dokta," alisema nilipomaliza kueleza, "unaniletea mwenye mali aje anikamate."

"Anakuja kutazama tu."

"Mwenye ng'ombe akikuta ng'ombe wake kwa mtu, huwa anatazama tu?"

Alipotea siku mbili, mkewe akaniambia yupo shamba, shamba ambalo sikuwahi kusikia kwamba wanalo. Siku yenyewe alitokea, shati limepigwa pasi mpaka likang'aa, amenyoa vibaya kwa haraka. Ratana alimwamkia kwa kuunganisha viganja. Zaka naye akaunganisha viganja, kisha akaona haitoshi akampa na mkono.

Kibanda kilijaa. Muvi walikuwa wameiona zamani, wenyewe wakiiita "Mama wa Mlangoni", lakini mwenye muvi hawakuwahi kumwona, na wengi walikuja kuhakikisha kwamba watu hao wapo kweli. Nilikaa benchi la nyuma na Ratana. Muda wote sikuangalia skrini. Nilikuwa namwangalia Zaka, nikijiuliza atafanya nini tukifika mlangoni. Angeweza kunyamaza, na hapo angekubali mbele ya kijiji kizima kwamba siku zote alikuwa akitunga.

Mlango ukafungwa. Zaka akatutazama nyuma mara moja, akasogeza maiki, akaomba msamaha. Aliomba wote, njaa, mume mlevi, jirani, hakuacha kitu. Nadhani aliuomba vizuri kuliko siku zote, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Watu walilia mahali pao pa kawaida. Ratana alikuwa akitazama nyuso, uso mmoja baada ya mwingine, na wake sikuweza kuusoma.

Ilipoisha alisema nami kwa sauti ya chini. "Mwambie alijaza pale nilipoacha wazi. Sijui nimshukuru au nimpige."

Nikatafsiri, neno kwa neno, kwani somo nilikuwa nimelipata. Zaka akafikiri. "Mwambie achague, mimi nipo," alisema.

Hapo ndipo Nyemo alipozungumza. Nyemo nilisoma naye darasa moja hadi la nne, vikope vikaanza kumla macho, na kabla hajafika miaka thelathini alikuwa haoni kabisa. Alikuwa akimenya karanga na kuwauzia watu wa kibandani, na muvi hakosi. Kila siku alikaa benchi la pembeni karibu na spika. Kusema kweli nilikuwa nimemnunulia karanga kwa miaka yote hiyo bila hata siku moja kumwuliza swali la kazi yangu. Kwenye orodha yangu ya watazamaji hakuwemo. Sikuona kama anatazama.

"Mwulizeni huyo mama," Nyemo alisema, "yule mama wa kwenye muvi mguu wake mmoja unaumwa?"

Nikamwuliza Nyemo ana maana gani.

"Wewe tafsiri," akasema.

Nikatafsiri. Ratana aligeuka, akamtazama, akaona macho yake, akasogea karibu. Aliniambia nimwulize kwa nini anasema hivyo.

"Anapoondoka mlangoni," Nyemo alisema. "Haondoki mara moja. Anapiga hatua tatu, anasimama. Anavuta pumzi. Anarudi hatua moja. Anasimama tena. Halafu ndiyo anaondoka, na mguu mmoja anauburuta kidogo. Huombi msamaha wote ule halafu ukasimama kwenye changarawe unafikiria kurudi. Yule hajaomba. Ameshindwa kuomba."

Zaka alikuwa bado ameshika maiki, haijazimwa, tukawa tunamsikia akipumua kwenye spika.

"Umesikiaje na mimi nilikuwa naongea?" alimwuliza.

"Kila mtu anapumua, Zaka. Hata wewe. Nimeisikiliza mara tano. Kila mara ulipumua mahali tofauti, nami nikasikia kipande kingine."

Nilimtafsiria Ratana yote hayo. Akakaa kwenye benchi, pale kwenye maganda ya karanga. Alieleza kwamba zile hatua ni za mama yake mzazi. Mwigizaji alikuwa kijana mno, alitembea kama mtu mwenye afya, kwa hiyo Ratana alimwomba mama yake avae viatu atembee kwenye changarawe ya nyumbani, na goti la mama yake ni bovu. Walirekodi siku nzima. Nchini kwake wakosoaji waliiandika filamu ile kwa kurasa na kurasa, na hakuna aliyewahi kumtajia zile hatua. Akalia kidogo, kwa adabu, na Nyemo, aliyesikia, akampimia karanga za bure, jambo ambalo halijawahi kutokea Gulwe kabla wala baada.

Mimi nilikaa nikihesabu. Mara kumi na moja, sauti ikiwa imezimwa.

Nilimsindikiza Zaka kwake jioni ile, jua likiwa bado juu ya reli. Alitembea kimya, jambo lililonitia wasiwasi kuliko ugonjwa. Karibu na nyumba akasema, "Dokta, kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nakaguliwa."

"Amekukagua na bado alikuwa anakuja kila siku," nilimwambia.

"Hiyo ndiyo inayoniumiza." Akafungua geti. "Alijua nadanganya, na akalipa kiingilio."

Kuanzia hapo nilibadilisha namna ya kufundisha. Ninyi mliopita mikononi mwangu mnakumbuka wiki ya kwanza nilivyowafungia pazia na kuwageuzia televisheni ukutani, na mmoja wenu akaenda kunishtaki kwa Prof kwamba mitambo imenishinda. Niliandika makala mpya, jina la Zaka likiwemo, na la Nyemo likiwa la kwanza, kwa sababu ugunduzi ulikuwa wake. Wachapishaji waliuliza Nyemo ni wa chuo gani. Nikaandika Gulwe. Haikuwapa taabu.

Watu wengi sasa wana muvi kwenye simu, na maandishi ya Kiswahili ya kila aina, mengine mabaya kuliko Zaka alivyokuwa siku yake mbaya. Wafanyakazi wa serikali kule Mtumba wanatazama tamthilia za Uturuki na Korea mezani, mbele ya mafaili, wamevaa visikilizio, na mimi nikiwa na shida ofisini kwao huwa nasubiri kipande kiishe. Kibanda cha Gulwe kimebaki na mabenchi manne na watu wa mazoea. Mkitaka kukisoma, kisomeni upesi.

Juma lililofuata sherehe yangu ya kustaafu, ile mliyonipa saa ya ukutani na hotuba saba, nilitoka nyumbani Miyuji asubuhi nikaenda zangu Gulwe. Sikuwa na daftari. Zaka alikuwa anatafsiri tamthilia ya Kichina ya ndugu wawili waliogombana. Sauti imepungua kidogo, lakini madiwani wake bado ni wale wale. Ndugu mkubwa akaja kituo cha treni kumsindikiza mdogo wake, wakakaa kwenye benchi, hawasemezani. Zaka akafanya jambo ambalo nilikuwa nimelisikia tu kwa watu. Akaishusha maiki, akaizima kabisa.

Tukabaki na upepo wa kituo, na mtu fulani anayefagia kwa mbali, na begi linalosogezwa sakafuni polepole. Ikaenda hivyo. Kijana aliyekaa mbele yangu akaanza kujigeuzageuza, mwishowe akapaza sauti, "Zaka vipi, umeme umekatika?"

"Nyamaza," Nyemo alimwambia kutoka benchi la pembeni. "Tunaangalia."